Mashine ya Kidole: Namba Zake Zinatoka Wapi?

Tangu korona ilipoingia nchini mwaka 2020, kuna chombo kidogo ambacho kimezoeleka hata huku mashambani. Kinafanana na kibanio cha kuanikia nguo. Unabana ncha ya kidole, taa nyekundu inawaka, na baada ya sekunde chache namba mbili zinatokea kwenye kioo. Moja ni mapigo ya moyo kwa dakika. Nyingine, ambayo ndiyo watu huiogopa, ni kiasi cha oksijeni katika damu, kwa kila mia. Jina lake la kitaalamu ni oksimita, lakini wengi huiita mashine ya kidole tu. Madukani mjini kuna zile za bei isiyofika ya mbuzi mmoja, na ndiyo maana vikundi vimeanza kuiandika kwenye orodha ya vitu vya kununuliwa, pamoja na mashine ya presha na ile ya sukari.

Swali tunaloulizwa vikundini ni moja: tununue au tusinunue? Kabla ya kujibu tungependa kuwaeleza jinsi chombo chenyewe kilivyobuniwa. Kasoro yake moja kubwa inatuhusu sisi watu weusi kuliko wengine wote, na pengine hata mwenye duka haijui.

Damu ina rangi mbili

Damu inayotoka kwenye mapafu imebeba oksijeni, nayo ni nyekundu ya kung'aa. Damu iliyokwisha kuigawa oksijeni yake mwilini inarudi ikiwa nyekundu nzito, ya kuelekea weusi. Ndiyo sababu mtoto aliyezidiwa na nimonia hubadilika rangi ya ulimi na ya ndani ya midomo. Lakini jicho la binadamu huchelewa. Hadi mama auone ulimi umegeuka rangi, oksijeni imekwisha kushuka sana, na mtoto yuko hatarini.

Waliobuni oksimita walitaka jicho lisilochelewa. Ndani ya kile kibanio mna taa mbili ndogo. Moja hutoa mwanga mwekundu mnaouona. Ya pili hutoa mwanga usioonekana kwa macho, wa aina ile ya rimoti ya televisheni. Damu yenye oksijeni huuacha mwanga mwekundu upite na huumeza zaidi ule usioonekana. Damu isiyo na oksijeni hufanya kinyume: huumeza ule mwekundu. Taa hizo huwaka kwa zamu, upesi kuliko macho yanavyoweza kufuata, na upande wa pili wa kidole kuna kipokezi kidogo kinachopima mwanga uliobaki wa kila aina. Kwa kulinganisha masalio hayo mawili, chombo kinakisia damu imebeba oksijeni kiasi gani.

Tumesema kinakisia, na neno hilo mlishike. Kidole si damu tupu. Mna ngozi, nyama, mfupa, ukucha, na pia damu ile nzito inayorudi moyoni, na vyote hivyo vinameza mwanga. Ni kama kumulika tochi gunia la mchanganyiko halafu uambiwe useme mna maharagwe mangapi. Tatizo hili liliwashinda wabunifu kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1940 Glenn Millikan wa Marekani alitengeneza kifaa cha kubana sikioni kwa ajili ya marubani wanaoruka juu sana kwenye hewa nyembamba. Mwaka 1976 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa kingine chenye mwanga wa rangi nane, lakini kilikuwa kikubwa na cha bei ghali, na sikio la mgonjwa lilipaswa kupashwa moto. Vitu vya namna hiyo havikuwa vya zahanati.

Mjapani aliyesumbuliwa na mapigo ya moyo

Aliyekata fundo hilo ni injinia wa Kijapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden mjini Tokyo. Ajabu ni kwamba hakuwa anatafuta oksijeni. Alikuwa anajaribu kupima moyo unasukuma damu kiasi gani, kwa kumdunga mtu rangi ndani ya mshipa na kuiangalia ikipita sikioni kwa kutumia mwanga. Shida yake ilikuwa mapigo. Kila moyo ukipiga, damu mpya inaingia sikioni na mchoro wake unacheza juu na chini, mpaka hausomeki.

Akabuni hila ya kuyafuta mapigo hayo: atumie mianga miwili na kuipiganisha, mmoja uzuie mchezo wa mwingine. Ikafanya kazi. Lakini kila oksijeni ya mtu ilipobadilika, ile hila iliharibika na mapigo yakarudi kwenye mchoro. Mtu mwingine angeikasirikia mashine. Aoyagi akatambua kwamba kile kinachomharibia kazi ndicho chenye habari. Ngozi haipigi. Mfupa haupigi. Kinachocheza pamoja na moyo ni damu mpya tu, ile inayotoka moyoni, ambayo ndiyo anayoitaka daktari. Basi ukipima sehemu ya mwanga inayocheza na kuacha ile iliyotulia, umeitenga damu hiyo na vitu vingine vyote, bila sindano na bila kupasha sikio moto.

Hayo aliyatangaza Japani mwaka 1974. Katika miaka ya 1980 kampuni za Marekani zikakiendeleza chombo hicho mpaka kikaingia katika vyumba vya upasuaji, na mwaka 1995 kampuni ya Nonin ikatoa kile cha kubana kidoleni chenye kila kitu ndani yake, bila waya. Aoyagi alifariki Aprili 2020, miezi ileile ambayo dunia nzima ilikuwa inagombania mashine hizi kwa ajili ya wagonjwa wa korona.

Jedwali lililofichwa ndani

Sasa tufike pale panapotugusa. Hesabu ya mianga miwili haitoi asilimia ya oksijeni. Inatoa uwiano tu, tuseme 0.6 au 1. Nani anaiambia mashine kwamba uwiano fulani maana yake ni 97, na mwingine ni 85? Hakuna hesabu kamili ya kulijibu hilo, kwa hiyo wabunifu hutumia watu. Wanawachukua vijana wenye afya, wanawapa hewa ambayo oksijeni yake inapunguzwa hatua kwa hatua mpaka damu yao ifike karibu na 70, na kila hatua wanatoa damu kwenye mshipa na kuipima maabara. Namba ya maabara inaandikwa kando ya uwiano uliosomwa kidoleni. Majibu hayo yanakuwa jedwali, na jedwali hilo linawekwa ndani ya kila chombo kinachouzwa. Unapobana kidole chako, mashine inatafuta katika jedwali la watu wale na kukupa jibu lao.

Kwa hiyo ni lazima tuulize: watu wale walikuwa akina nani?

Kwa miaka mingi wengi wao walikuwa na ngozi nyeupe. Shirika la serikali ya Marekani linalokagua dawa na vifaa vya tiba, FDA, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 liliwaomba watengenezaji wajaribu chombo kwa watu wasiopungua kumi, na kati yao wenye ngozi nyeusi wasipungue wawili au asilimia 15, ipi iliyo kubwa zaidi. Wawili kati ya kumi. Hapa kwetu ni kumi kwa kumi.

Kwa mawazo ya Aoyagi rangi ya ngozi isingeleta shida, kwa kuwa ngozi haipigi. Hata hivyo, inaleta. Sababu moja wanayoitaja wataalamu ni kwamba taa zile hazitoi rangi moja safi, na ngozi nyeusi humeza sehemu ya mwanga huo na kuubadilisha kabla haujafika kwenye damu. Pia mwanga unaofika upande wa pili unakuwa hafifu. Matokeo yake ni kwamba, oksijeni inaposhuka, mashine ina tabia ya kumsomea mtu mweusi namba ya juu kuliko ilivyo kweli. Angalieni upande wa kosa lenyewe. Haimwambii mzima kwamba ni mgonjwa. Inamwambia mgonjwa kwamba ni mzima.

Hili halikugunduliwa jana. Madaktari wa Marekani waliliandika mwaka 1990, na wengine tena mwaka 2005. Lilisikika hasa Desemba 2020, wakati watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipolinganisha namba za kidoleni na vipimo vya damu ya wagonjwa wa hospitali. Walichukua nyakati ambazo mashine ilionyesha kati ya 92 na 96, yaani hali isiyotisha sana. Katika nyakati hizo, kwa wagonjwa weupe, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 karibu mara 4 kwa kila mia. Kwa wagonjwa weusi ilikuwa karibu mara 12 kwa kila mia. Ni mara tatu. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kurudishwa nyumbani, au kunyimwa oksijeni iliyopo palepale kando ya kitanda, kwa sababu ya namba.

Februari 2021 FDA ilitoa onyo. Januari 2025 ilitoa rasimu ya mwongozo mpya unaotaka chombo kijaribiwe kwa watu 150 au zaidi wenye ngozi za rangi mbalimbali. Ni jambo jema, ila miaka thelathini na mitano ni mingi sana kwa kosa lililokwisha andikwa. Na mwongozo huo ni wa vyombo vinavyouzwa kama vifaa vya tiba. Vibanio vingi vya bei rahisi huuzwa kama vitu vya michezo na mazoezi, na havikupitia ukaguzi wowote wa namna hiyo.

Namba ikishatokea

Hata chombo kilicho bora, mtengenezaji wake anakubali kwamba kinaweza kukosea kwa pointi mbili au tatu juu au chini. Kwa hiyo 94 inaweza kuwa 91. Shirika la Afya Duniani linasema mtu aliye chini ya 90 anahitaji kupewa oksijeni. Sisi tunawashauri hivi: mtu anahema kwa shida, na mashine inaonyesha 92 au 93, msikae nyumbani mkingoja ifike 90 ndipo mtafute gari. Kwa ngozi zetu pengine imekwisha fika.

Mtu mzima mwenye afya kule Mombasa kwa kawaida husoma 95 hadi 100. Huko Iten, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, hewa ni nyembamba, na mtu mwenye afya anaweza kusoma pointi chache chini ya hapo bila ugonjwa wowote. Kwa sababu hiyo ni vizuri kikundi kiwapime wanachama wakiwa wazima na kuandika. Mkijua Mama fulani husoma 96 kila siku, siku atakaposoma 91 hamtabishana.

Kuna namba moja ya ajabu, nayo ni 85. Katika hesabu ya mashine hizi, mianga miwili ikicheza sawasawa, uwiano ni 1, na jedwali linajibu karibu 85. Sasa mtoto akitikisa mkono, au mtu akitetemeka kwa baridi, kidole chote kinacheza na mianga yote miwili inacheza sawa. Mashine inasoma mtikisiko kana kwamba ni damu. Basi ikitokea 85 au karibu na hapo na mkono haujatulia, tulizeni mkono, pasheni kidole moto kwa kukisugua, ondoeni rangi ya kucha, mkinge jua kali, mjaribu tena kidole kingine. Akina mama wa pwani wajue kwamba hina nyeusi nayo inaweza kuziba mwanga. Lakini kama mgonjwa anahema na kifua kinabonyea, 85 ni 85. Ondokeni.

Kuna mambo mawili ambayo mashine hii haiyaoni kabisa. La kwanza ni sumu ya jiko la makaa. Watu wakilala na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa, gesi ya makaa inashika damu mahali pa oksijeni na kuipa rangi nyekundu inayofanana na ya damu yenye oksijeni. Mashine inadanganyika. Itaonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Mkimkuta mtu hivyo, mtoeni nje kwenye hewa safi na kumkimbiza hospitali, na msipoteze hata dakika kutafuta kibanio. La pili ni upungufu wa damu. Mashine inapima kila lori limebeba mzigo kiasi gani; haihesabu malori ni mangapi. Mama mjamzito mwenye damu kidogo sana anaweza kusoma 99 huku hana nguvu ya kupanda ngazi moja. Huyo apelekwe kliniki apimwe damu yenyewe.

Na kwa mtoto mwenye kikohozi, kipimo cha kwanza hakiuzwi dukani. Mfunueni kifua akiwa ametulia, mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa saa yenye mkono wa sekunde. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 akifikisha 40 au zaidi, anahema upesi mno na anahitaji kuonwa na muuguzi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, ni safari ya siku hiyohiyo, mashine iseme itakavyosema. Isitoshe, kibanio cha mtu mzima hakishiki vizuri kidole cha mtoto mchanga. Kuna cha watoto, chenye umbo lake.

Saa za mkononi ambazo vijana wanakimbia nazo siku hizi zinatumia wazo lilelile la mwanga unaocheza na moyo, mara nyingi mwanga wa kijani. Kwa kuhesabu mapigo wakati wa mazoezi zinafaa. Kwa oksijeni ya mgonjwa tusingeziweka mbele ya muuguzi.

Kama mnanunua

Mwaka 2023 serikali iliwagawia wahamasishaji wa afya ya jamii karibu 100,000 mikoba yenye vifaa, zikiwamo mashine ya presha na ya sukari. Basi kikao cha kwanza kiwe na mhamasishaji wa kijiji chenu, msije mkatoa pesa kwa kitu ambacho tayari kimo nyumba ya tatu kutoka kwenu.

Mkiamua kununua oksimita, someni boksi. Likisema ni la michezo tu na si la matibabu, lirudisheni kwenye rafu, hata kama muuzaji anaapa. Ombeni kujaribu kabla ya kulipa: mtu mmoja mwenye vidole vyeusi vilivyosuguliwa na jembe abane mara tatu, na namba ya mapigo ilinganishwe na mapigo yanayohesabiwa kwa mkono kwa dakika moja. Kama hata mapigo hayalingani, oksijeni yake msiisikilize. Mkiweza, ipelekeni zahanati mkaiweke kando ya ile ya muuguzi kwenye kidole cha mtu mmoja.

Inawezekana kubuni chombo kwa ajili ya mahali kama kwetu. Mwaka 2010 ilikadiriwa kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havina oksimita, na mwaka uliofuata likaanzishwa shirika la Lifebox kushughulikia jambo hilo. Walianza kwa kuuliza mahitaji ya hospitali maskini: betri ya kuchaji kwa sababu stima hupotea, mlio wa kumshtua daktari, umbo la kustahimili kuanguka, na bei ambayo walifanikiwa kuishusha hadi dola 250. Hiyo ni ya hospitali, si ya kikundi. Lakini maswali yao ni mazuri hata kwa kibanio kidogo. Je, namba zinasomeka na bibi asiyeona vizuri? Betri zake zinapatikana hapa sokoni? Ikianguka kwenye sakafu ya simenti itapona?

Mteue watu wawili wa kukitunza, na daftari moja. Katika daftari liandikwe jina, tarehe na saa, namba mbili za mashine, pumzi kwa dakika, na neno moja la hali ya mtu: anaongea, amechoka, hali chakula. Muuguzi atalisoma daftari hilo kwa furaha kuliko kusikia kwamba jana ilikuwa tisini na kitu. Kibanio kifutwe kwa pamba yenye spiriti kila baada ya mtu, kisitumbukizwe majini. Na kama hakitatumika kwa wiki kadhaa, toeni betri, kwa sababu zikivuja ndani hakuna fundi wa kijijini atakayekitengeneza.